Mimea inayofungua majani usiku isiishie kuwa ua wa boma

Saa saba mchana wakati wa kiangazi, msafiri anayetoka Same kuelekea Korogwe huona mashamba mawili yasiyofanana hata kidogo. Katika moja, mahindi yamejikunja majani, rangi imeanza kupauka, na mwenye shamba anajua kwamba mvua ikichelewa wiki moja zaidi hatavuna kitu. Katika jingine, mkonge umesimama wima, majani yake mazito yakiwa yamejaa maji, wala hauonyeshi dalili yoyote ya kiu. Udongo ni uleule, jua ni lilelile, na mvua iliyokosekana ni ileile.

Watu wengi wakiulizwa sababu husema kwamba mkonge ni mmea wa nchi kavu, kisha wakaishia hapo. Jibu hilo si la uongo, ila linaficha jambo kubwa. Tofauti ya mimea hii miwili iko kwenye saa. Mahindi hufungua vitundu vya majani yake mchana na kuvifunga usiku. Mkonge hufanya kinyume chake, na kinyume hicho ndicho kinachostahili kujadiliwa na kila anayepanga kilimo na ufugaji wa maeneo kame ya Afrika Mashariki.

Kila mmea wa kijani una tatizo moja lisilokwepeka. Ili utengeneze chakula chake unahitaji hewa ukaa, na hewa hiyo huingia kupitia vitundu vidogo mno vya kwenye jani vinavyoitwa stomata. Kitundu kikifunguka hewa ukaa iingie, mvuke wa maji nao unatoka. Hewa ya nje ikiwa ya moto na kavu, maji yanayotoka ni mengi kuliko hewa inayopatikana. Mpunga, ngano na maharage hupoteza gramu 400 hadi 500 za maji kwa kila gramu moja ya hewa ukaa inayonaswa. Mahindi, mtama na miwa vina njia bora zaidi, hivyo hupoteza gramu 250 hadi 300. Mkonge, nanasi, mshubiri na mpungate hupoteza kati ya gramu 50 na 100 tu.

Siri iko katika kugawa kazi moja kwa zamu mbili. Giza likiingia na hewa kupoa, stomata hufunguka. Hewa ukaa inaingia, lakini haiwezi kugeuzwa sukari papo hapo kwa kuwa hakuna nuru ya kuupa mmea nishati. Badala yake kimeng'enya kiitwacho PEP kaboksilesi huinasa, na baada ya hatua moja zaidi inakuwa asidi ya maliki, ileile inayolipa tufaha uchachu wake. Asidi hiyo husukumwa ndani ya vakuoli, mfuko wa maji unaojaza karibu seli nzima, na kuhifadhiwa humo hadi alfajiri. Jua likichomoza stomata hufungwa. Asidi inatolewa kwenye mfuko, inavunjwa, na hewa ukaa inaachiliwa ndani ya jani ambalo halina tundu lililo wazi. Nuru sasa ipo, kimeng'enya Rubisko kinaidaka hewa hiyo, na sukari inatengenezwa kwa mzunguko uleule unaotumiwa na mpunga na maharage, ule uliompatia Melvin Calvin Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961. Mmea unafanya kama mama ntilie anayekwenda sokoni alfajiri, wakati bei ni nafuu na jua halijawa kali, kisha mchana akapika alichonunua bila kutoka tena nje.

Hapo ndipo unene wa jani la mkonge au mshubiri unapoeleweka. Seli zake ni kubwa, na vakuoli ndani yake ni kubwa zaidi. Mfuko huohuo mmoja unatunza maji ya kuvumilia kiangazi na asidi ya kazi ya kesho. Jani jembamba la mhindi halina mahali pa kuweka akiba ya namna hiyo hata likitaka.

Wanasayansi huuita mfumo huu CAM, kifupi cha jina la Kiingereza lililotokana na familia ya mimea ya Crassulaceae. Hata hivyo, haukugunduliwa kwanza kwa mashine bali kwa ulimi. Mwaka 1813 mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, akiwa India, aliiandikia Linnean Society ya London kuhusu mmea wa asili ya Madagaska ambao sasa unaota hata katika bustani za pwani ya Afrika Mashariki, ule ambao jani lake likianguka hutoa miche midogo pembezoni. Heyne alitafuna majani yake kwa saa tofauti. Asubuhi yalikuwa machachu sana, adhuhuri hayakuwa na ladha, na jioni yalikaribia uchungu. Alikuwa ameonja usanisinuru ukifanyika, zaidi ya miaka mia kabla kemia yake haijafahamika. Msomaji asimwige, kwa sababu utomvu wa mmea huo una sumu inayodhuru moyo na huua ng'ombe wanaoula kwa wingi.

Nchini Mexico jambo hilihili linajulikana sokoni. Huko vipande vichanga vya mpungate huliwa kama mboga, na wakulima wanafahamu kwamba vikikatwa alfajiri vitakuwa vichachu kuliko vile vilivyokatwa jua likiwa limepanda. Mkulima hahitaji kulitaja jina la asidi ili kujua saa nzuri ya kuvuna. Anahitaji mnunuzi asiyekunja uso.

Mfumo huu si wa mmea mmoja wala wa jangwa moja. Takriban asilimia 6 ya spishi zote za mimea yenye mishipa ya kupitisha maji huutumia, na umejitokeza mara nyingi kwa nyakati tofauti katika familia zaidi ya 30. Nanasi la Kiwangwa na la Thika linautumia. Vanila ya Uganda na Kagera inautumia, ingawa inapenda kivuli na unyevu. Mkonge mwitu unaoota porini Tsavo, ambao tembo huutafuna wakati wa kiangazi ili kupata maji, nao unautumia. Mnyaa, ule mmea wa utomvu mweupe unaopandwa kuzunguka maboma na makaburi, una mgawanyo wa kushangaza zaidi: majani yake madogo hufanya kazi mchana kama mimea ya kawaida na hupukutika mapema, ilhali matawi yake mabichi ya kijani hufanya kazi kwa mtindo wa usiku. Ndiyo maana ua wa mnyaa hubaki wa kijani wakati kila kitu ndani ya boma kimekauka.

Mimea mingine hubadilika kulingana na hali. Mwaka 1972 watafiti Klaus Winter na Dieter von Willert walionyesha kwamba mmea mmoja wa pwani za kusini mwa Afrika, Mesembryanthemum crystallinum, huishi kama mmea wa kawaida maji yakiwepo, lakini chumvi au ukame ukizidi huhamia zamu ya usiku. Lile gugu dogo linalotambaa mashambani, lenye mashina mekundu na majani manene yanayoteleza, ambalo kwa jina la kisayansi ni Portulaca oleracea na ambalo watu wengi hulichuma kama mboga, lina uwezo wa ajabu zaidi. Hutumia njia ya haraka kama ya mahindi mvua inaponyesha, na ukame ukiingia huongeza njia ya usiku. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba njia zote mbili huendeshwa ndani ya seli zilezile. Mkulima aliyeling'oa maisha yake yote hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwa na mwalimu shambani.

Na ukame ukizidi kabisa, mimea hii ina hatua ya mwisho. Hufunga stomata usiku na mchana, kisha huitumia tena hewa ukaa inayotokana na upumuaji wa seli zake yenyewe. Haikui, haitoi tawi wala ua. Inasubiri tu ikiwa hai. Mvua ya kwanza ikigusa udongo, mizizi mipya hutoka ndani ya muda mfupi na kazi inaanza tena. Joto nalo haliiangushi kirahisi. Park Nobel, mwanafiziolojia wa mimea wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha kwamba aina nyingi za mpungate na jamaa za mkonge hustahimili kwa muda joto la tishu linalokaribia au kufikia nyuzi 60 za Selsiasi, kiwango ambacho kingeyaua majani ya mazao mengi.

Sifa hizi zinapaswa kuwekwa mezani pamoja na hasara halisi ya miaka ya karibuni. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Kenya pekee ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Kaskazini mwa Tanzania, wafugaji wa Longido na Simanjiro walizika mali ya vizazi. Baada ya kila msiba wa aina hiyo huzungumzwa visima, mabwawa, malori ya maji na mbegu za mahindi zinazokomaa mapema. Yote hayo yanahitajika. Kisichozungumzwa ni mimea ambayo tayari inajua kuishi bila mvua hiyo, na ambayo ipo hatua chache kutoka mlango wa boma.

Madai ya makala haya ni haya tu: mimea ya zamu ya usiku ihesabiwe kuwa mazao, itengewe utafiti, bajeti na maofisa ugani, badala ya kuachwa iwe ua, gugu au kumbukumbu ya ukoloni.

Afrika Mashariki imewahi kuuchukulia kwa uzito mmea mmoja wa namna hii. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache, kufikia mwaka 1913 koloni la Kijerumani lilikuwa likisafirisha zaidi ya tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Mwaka 1964 Tanganyika, iliyokuwa ndiyo kwanza imeungana na Zanzibar, ilizalisha takriban tani 230,000 na kuongoza duniani. Hakuna aliyelazimika kumwagilia maji mashamba yale makubwa ya Korogwe, Muheza na Morogoro. Kituo cha utafiti cha Mlingano, kilichoanzishwa mwaka 1934, kilizalisha chotara iliyopewa namba 11648, ambayo hutoa majani mengi zaidi kuliko mkonge wa asili na ikaenea hadi nchi nyingine. Huo ni ushahidi kwamba mmea wa zamu ya usiku ukipewa wanasayansi wake, hujibu.

Historia hiyo ina upande wake mchungu, na kuuficha hakusaidii. Utajiri wa mkonge ulijengwa kwa migongo ya manamba, vibarua walioandikishwa kutoka Kigoma, Ruanda-Urundi, Nyasaland na Msumbiji. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU. Wengi waliishi kambini mbali na jamaa zao kwa ujira mdogo. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa 1964. Familia nyingi za Tanga zina babu aliyekata mkonge na hazina hamu ya kusikia habari zake. Chuki hiyo inaeleweka. Lakini makosa yalikuwa ya mfumo wa kazi na wa soko. Jani lenyewe halikumnyonya mtu.

Tena mkonge ule ulitumiwa kwa ufinyu mno. Jani linapopita kwenye korona, mashine inayolisaga na kuacha nyuzi, singa inayopatikana ni asilimia chache tu za uzito wa jani bichi. Kilichobaki, yaani maji, sukari na nyama ya jani, kwa miaka mingi kilimwagwa kwenye mifereji na mito. Huko Hale mkoani Tanga kulijengwa mtambo wa kutengeneza gesi na umeme kutokana na mabaki hayo, jambo lililoonyesha kwamba kilichokuwa kikitupwa kina thamani. Wakulima wadogo wanaopanda mkonge leo chini ya vyama vyao vya ushirika wanastahili kuuziwa mashine na mafunzo ya kutumia jani zima, wasirithi biashara ya nyuzi peke yake.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi na mpungate. Kaskazini-mashariki mwa Brazili, eneo ambalo ukame wake ni maarufu, wafugaji wameupanda kwenye mamia ya maelfu ya hekta kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Hukata vipande, huvikatakata na kuvichanganya na majani makavu. Kipande kibichi cha mpungate ni maji kwa karibu asilimia 90, hivyo mnyama hunywa akiwa anakula. Katika Tigray, Ethiopia, mpungate ni chakula cha watu kwa matunda yake na cha mifugo kwa vipande vyake. Ukilishwa peke yake humharisha mnyama, na protini yake ni kidogo, kwa hiyo huhitaji kuchanganywa na malisho makavu na mikunde. Maelezo kama hayo ndiyo yanayopaswa kujaza vipeperushi vya maofisa mifugo, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, kabla ya kiangazi kingine.

Kuna mapingamizi matatu dhidi ya hoja hii, na yote yana uzito.

La kwanza ni kwamba mimea hii hukua polepole. Ni kweli kwa sehemu. Kiasi cha asidi kinachoweza kuhifadhiwa usiku mmoja kina kikomo, kwa sababu mfuko ukijaa umejaa, na kuisukuma asidi humo kunagharimu nishati. Ndiyo sababu mshubiri kwenye kopo la varandani haukimbilii dari. Lakini upole huo mara nyingi ni wa mazingira magumu unamoota. Katika majaribio ya Park Nobel na wenzake, mpungate uliopata maji na mbolea ulitoa zaidi ya tani 40 za mavuno makavu kwa hekta kwa mwaka, kiwango kinachoshindana na mazao bora. Hakuna mfugaji wa Kajiado atakayepata tani hizo bila maji. Bado, zao linalotoa kidogo katika mwaka mbaya lina faida kuliko lile linalotoa kingi katika mwaka mzuri na sifuri katika miaka mitatu inayofuata.

Pingamizi la pili ni kubwa zaidi, nalo linaonekana kwa macho katika kaunti ya Laikipia. Huko aina ya mpungate iitwayo Opuntia stricta, iliyoletwa enzi za ukoloni na kutumika kama ua, imevamia malisho ya jamii. Nyani na tembo hula matunda na kusambaza mbegu. Mbuzi wakila matunda yenye vimiiba laini, vimiiba hivyo huchoma midomo, ulimi na utumbo, na wafugaji hupoteza wanyama. Nguvu ileile inayoufanya mmea usife kwa ukame ndiyo inayoufanya uwashinde majirani zake. Ili kuupunguza, wataalamu wameachilia wadudu wa kochinili, wanaofyonza utomvu wa aina hiyo na kuacha alama nyeupe kama pamba kwenye vipande vyake.

Asiyechukua somo la Laikipia hafai kushika mche wa mpungate. Kabla ya kupanda lazima ijulikane ni spishi gani, ina miiba kiasi gani, mbegu zake husambazwa na nani, na nani atawajibika ikitoka nje ya shamba. Aina zisizo na miiba za Opuntia ficus-indica hazina tabia sawa na Opuntia stricta, ila hata hizo zinahitaji kupandwa ndani ya uzio na kukatwa, si kutupwa mbugani zijitafutie.

Lakini somo la Madagaska nalo halina budi kusomwa, kwa kuwa linaonyesha upande wa pili wa shilingi. Kusini kabisa mwa kisiwa hicho, katika nchi kavu ya Waantandroy, mpungate uliingizwa karne ya 18. Kwa muda wa vizazi ulikuwa ua wa vijiji, kinga dhidi ya maadui, chakula cha watu na kinywaji cha ng'ombe katika miezi isiyo na maji. Watawala wa Kifaransa walibishana kuhusu faida yake. Baadhi waliuona kuwa kizuizi cha maendeleo. Mwaka 1924 wadudu wa kochinili waliachiliwa upande wa Tulear. Ndani ya miaka michache mpungate ulikuwa umetoweka katika maeneo makubwa. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 njaa kali iliwapata watu, wengi wakafa na wengine wakahama. Kumbukumbu hiyo haijafutika kusini mwa Madagaska hadi leo. Mmea uliodharauliwa na ofisi ulikuwa ndio uliobeba uhai wa nchi, na aliyeuondoa hakuwa na kitu cha kuweka mahali pake.

Mifano hii miwili haipingani. Yote inasema kwamba mmea wa namna hii una nguvu, na kwamba maamuzi kuuhusu yafanywe na watu wanaoujua pamoja na watu wanaoishi nao. Katika Laikipia uliletwa bila kuwauliza wafugaji. Katika Madagaska uliangamizwa bila kuwauliza wafugaji.

Pingamizi la tatu hutoka maabara. Kwa nini kuhangaika na mkonge na mpungate, wakati wanasayansi wanajaribu kuhamishia mfumo wa usiku kwenye mazao ya kawaida? Kazi hiyo ipo na inafurahisha. John Cushman wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, ameongoza mradi mkubwa wa aina hiyo. James Hartwell na wenzake wa Liverpool wamekuwa wakizima jeni moja moja katika mimea ya Madagaska ili kuona ni ipi inayoshika funguo za zamu. Mwaka 2015 jenomu ya nanasi ilichapishwa, ikasaidia kuonyesha jinsi saa ya ndani ya mmea inavyoamuru jeni za usiku na za mchana. Lakini kuhamisha mfumo huu si kuhamisha jeni moja. Lazima vihame vimeng'enya kadhaa, ratiba ya stomata, saa ya mmea, na hata unene wa jani. Mchele wa zamu ya usiku hauko sokoni wala haukaribii. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe 2022 hawezi kuambiwa asubiri maabara, wakati mmea uliokamilika unaota pembezoni mwa boma lake.

Wala si lazima kila mmea uagizwe kutoka ng'ambo. Kenya na Tanzania zina aina nyingi za mshubiri wa asili. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wa mshubiri wa porini nchini Kenya kwa sababu biashara ya utomvu ilikuwa ikiumaliza, na baadaye, mwaka 2007, kanuni zikatungwa kuruhusu uvunaji wenye usimamizi. Nia ya kanuni ni njema. Kinachotakiwa ni kuwawezesha wafugaji wa Baringo, Samburu na Turkana kuwa na vitalu vyao, ili mshubiri uuzwe kutoka shambani na ule wa porini upumzike.

Kazi ya kwanza inaweza kuanzia darasani bila kusubiri mfadhili. Kila shule ya sekondari yenye maabara ya kemia hufundisha titresheni. Mwalimu achukue majani mawili ya mkonge au mshubiri ulioko uani mwa shule, moja lililokatwa alfajiri, jingine saa kumi jioni, yote ya uzito mmoja. Wanafunzi, wakiwa wamevaa glavu kwa sababu utomvu wa mkonge unawasha, wayaponde, wachuje maji yake, waongeze finofthalini, kisha wadondoshe sodiamu haidroksaidi huku wakihesabu. Maji ya jani la alfajiri yatadai matone mengi zaidi kabla hayajageuka rangi ya waridi. Tofauti ile kwenye byureti ni hewa ukaa iliyoingia usiku wao wakiwa wamelala. Mtoto wa Handeni au Kitui aliyeona jambo hilo hatausahau usanisinuru, na huenda siku moja akawa ndiye anayetafuta chotara inayofuata ya Mlingano.

Kazi ya pili ni ya serikali. Wizara za kilimo na mifugo za Tanzania na Kenya, pamoja na kaunti na halmashauri za maeneo kame, ziweke mimea hii kwenye mipango ya kukabili ukame kwa jina, kwa eneo na kwa fedha. Vituo vya utafiti vipewe jukumu la kujaribu aina zisizo na miiba chini ya uangalizi, na kutoa orodha ya spishi zinazoruhusiwa na zile zilizopigwa marufuku. Mtu asipewe mche bila maelezo ya namna ya kuulisha na namna ya kuuzuia. Wafugaji wakae kwenye kamati zinazopanga mambo haya tangu siku ya kwanza, wala wasiitwe mwishoni kupiga makofi.

Jambo moja halihitaji utafiti mpya. Mkonge huanza kukatwa baada ya miaka miwili hadi mitatu, na mpungate wa malisho nao huhitaji miaka kadhaa kabla haujakatwa bila kudhoofika. Shamba la kulisha mifugo katika ukame ujao ni lazima liwe limepandwa wakati huu, mvua zikiwa bado zinanyesha na malisho yakiwa bado yapo. Wabunge na wawakilishi wa kaunti wanaojadili bajeti za mwaka huu wana nafasi ya kulipanda, na wapiga kura wa maeneo kame wana haki ya kuwauliza limepandwa wapi.